Miwani ya Sebit na Geti la Mbambu

Wanawake wa soko la Nakawa walimwita Mbambu mwanamume, naye hakukasirika hata kidogo. Aligeuza nyundo mkononi na kuwauliza ni yupi kati ya waume zao angeweza kunyoosha nondo kwa mapigo matatu. Walicheka tu, maana waume wenyewe walikuwa hapo hapo kwenye foleni, kila mmoja na jembe au toroli lake lililovunjika.

Chuma hakukianza jana, mama huyu. Kwao Beni, upande wa Kongo, baba yake alikuwa mhunzi wa majembe, na Mbambu alivuta mvukuto tangu akiwa hajang'oa meno ya utoto. Alipokimbilia Kampala alijua moto wa makaa tu. Moto wa umeme alifunzwa na Fundi Harnam, Kalasinga mmoja mwenye kilemba cheupe na mdomo mchafu. Mwaka mzima Harnam hakumruhusu kushika kitu isipokuwa nyundo ndogo ya kubandulia gamba linaloganda juu ya mshono wa chuma kilichochomelewa. "Sikiliza," alimwambia. "Mshono mzuri unalia kama kengele. Mbaya unakohoa." Mwaka wa pili akampa vijiti vya kuchomelea, na kila mshono uliokohoa aliukata, akamtukana kwa Kipunjabi, akamwambia arudie. Mwaka wa tatu matusi yakaisha, na Mbambu akajua kwamba sasa yeye ni fundi.

Kisha ukaja ule mwaka wa sabini na mbili, Wahindi wakapewa siku tisini wafunge virago. Harnam alimwachia Mbambu mashine ya kuchomelea na vinyago viwili vya kukinga uso, kimoja cha fundi na kimoja cha mgeni. "Mgeni mwonye mara tatu," alisema. "Mara moja hasikii. Mara mbili anadhani unamtania." Halafu akalia, na Mbambu naye akalia, wote wawili wakajifanya ni moshi.

Miaka miwili baadaye akaingia Sebit. Cheo cha Sebit hakuna aliyethubutu kukiuliza. Shati la maua, suruali ya bugaluu, bastola kiunoni, na miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Watu wa aina yake, makachero wa serikali, walikuwa wakiwatia raia kwenye buti la gari mchana kweupe, na waliotiwa hawakurudi.

"Mama," alisema, "nyumba yangu ya Mbuya hakuna geti. Wewe natengeneza. Mimi nakaa hapa, naangalia, nasoma kazi. Jumamosi mashine nachukua."

Ile mashine ndiyo iliyokuwa kazi ya Mbambu, ugali wake, na jina lake mjini. Bila hiyo angerudi kuziba masufuria. Lakini utamwambia nini mtu mwenye bastola? Akatoa kinyago cha mgeni msumarini.

"Mukubwa, huu moto unakula macho. Vaa hiki."

Sebit alikitazama kile kinyago chenye masizi na jasho la watu, akakunja pua. Akagonga miwani yake kwa kidole. "Mimi iko na yangu. Hii natoka Ulaya."

Basi hapo ndipo Mbambu alipofanya utundu wake. Alikuwa ameonya mara moja. Zile mara mbili zilizobaki alizimeza.

Tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri Sebit alikaa juu ya debe, shingo imenyooka, akitumbulia macho cheche. Na kukosoa alikosoa! Hapo moto mdogo, pale moto mwingi. "Ndiyo, afande," Mbambu alijibu kwa adabu zote. "Sogea kidogo, uone vizuri." Naye akasogea, jamani.

Alfajiri iliyofuata gari la askari lilikuja kumchukua Mbambu. Alimkuta Sebit kitandani Mbuya, taulo usoni, bastola mkononi.

"Uko wapi, mchawi wewe? Umetia mchanga kwa macho yangu!"

"Niko huku, afande. Hilo ni kabati."

Mkewe Sebit, Zubaida, mwanamke mnene wa Bombo, alishikwa na kikohozi cha ghafla, akatoka nje kukimalizia.

Mbambu hakucheka. Kila fundi anajua kwamba macho yaliyochomwa na ule mwanga huuma kama yana mchanga, kisha hupona yenyewe baada ya siku mbili. Sebit hakujua. Kutojua huko ndiyo zana pekee aliyokuwa nayo Mbambu, akaamua kuitumia.

"Ni ile mashine, afande. Haijakuzoea. Mimi ilinichukua miaka mitatu. Ukinipiga risasi sasa, nani atakutibu?"

Bastola ikashuka kidogo. Mbambu akaagiza viazi vibichi vikatwe vipande vyembamba. Zubaida akavikata kwa moyo mkunjufu, akambandika mumewe kimoja kila jicho, akamlisha uji kwa kijiko. Siku mbili nzima mtu aliyetisha mtaa wote alilala chali na viazi usoni, akiuliza saa ngapi sasa.

"Hii ugonjwa itarudi tena?" alinong'ona.

"Kila mashine itakapowashwa karibu yako," alisema Mbambu, na wala hakusema uongo.

"Basi ikae huko huko kwako! Lakini geti nataka."

Alipopona, Sebit mwenyewe ndiye aliyewatangazia wenzake kwamba ile mashine inapofusha. Kapteni mmoja aliyekuja kuipora aliishia mlangoni, akarudi alikotoka. Nakawa nzima hapakuwa na mali yenye ulinzi kama ile.

Geti akalipeleka Mbuya pamoja na mashine. Wakati wa kuchomelea bawaba Sebit alisimama amegeukia ukuta, viganja machoni, kwa hiyo hakuona. Mahali pa mshono kamili Mbambu aliweka nukta tu, mbili kila bawaba, akazifunika kwa rangi nzito. Alijua pigo moja la nyundo lingelishusha siku atakayorudi kuchukua chuma chake. Harnam angemtukana hadi kilemba kifunguke.

Siku yenyewe ilikuja Aprili ya sabini na tisa. Mizinga ilinguruma, serikali ikaanguka, na Sebit akatoroka kuelekea kaskazini kwa gari la mtu, bila mashati yake na bila Zubaida. Watu walikuwa wakipita na majokofu na magodoro vichwani. Mbambu naye akapanda kilima cha Mbuya na nyundo yake, akisukuma mkokoteni.

Zubaida alikuwa amekaa nyuma ya geti, peke yake, panga mapajani.

"Najua umefuata nini," alisema. "Miaka mitano hili geti linagongagonga. Kila mume wangu alipouliza, nilimwambia ni upepo. Sasa usiku vijana wa kupora wanalitikisa. Mimi silali, dada."

Mbambu aliona haya mpaka masikioni. Huyu mama angemtaja siku yoyote kwa neno moja tu, na neno hilo hakulisema. Akageuza mkokoteni, akarudi Nakawa.

Umeme uliporudi alipanda tena kilima, safari hii mashine ya Harnam ikiwa juu ya mkokoteni. Akampa Zubaida kinyago cha mgeni.

"Vaa," alisema. Zubaida akavaa. "Vaa vizuri, moto huu unakula macho." Zubaida akasema amekwisha kuvaa. "Nasema vaa, usichungulie pembeni."

Kisha akachomelea bawaba zote, mshono kamili, juu hadi chini. Alipomaliza alibandua gamba, akagonga kwa nyundo ndogo, akatega sikio. Zililia kama kengele, moja baada ya nyingine.

"Litagongagonga tena?" aliuliza Zubaida kutoka ndani ya kinyago.

"Halitagonga," alisema Mbambu. "Leo utalala."