Ndagala kwa Wapinzani

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na imenirudia leo niliposikia unagombana na baba yako juu ya asiransi. Eti unaenda Bukavu kucheza mechi, kilabu inataka kila mchezaji alipe bima ya safari, nawe unasema ni kutupa pesa. Hebu kaa hapa. Weka simu chini kwanza.

Wakati wa vita, mimi na baba yako, mdogo wangu, tulichezea timu moja hapa Kimanga. Tukaalikwa Luvungi. Barabara ilikuwa imetulia kidogo, na sisi vijana tulikuwa na hamu ya mpira, wee! Kocha wetu, Papa Birali, akafanya kama kawaida yake kabla ya kila mechi ya ugenini: alituma mfuko wa ndagala, samaki wadogo wa ziwani, zilizokauka, zigawiwe kwenye nyumba za wachezaji wa kule. Mimi nikakasirika.

"Papa, tunalisha watu tunaoenda kuwafunga?"

"Weye, unajua kwenda tu," akanijibu. "Hii ndiyo asiransi yetu. Njia ikifungwa, utalala kwa nani?"

Tulimcheka yule mzee mpaka machozi. Ujana nao!

Basi tukashinda, magoli mawili, yote yangu. Lakini baba yako alikanyagwa vibaya, mguu ukavunjika chini ya goti. Tulipokuwa tunaufunga kwa vijiti, risasi zikalia upande wa Sange, kwenye njia yetu ya kurudi. Kila mtu akakimbia kwake, wenzetu wakatawanyika, na dereva wetu akaondoka bila kutungoja. Nilibaki uwanjani nimemshika mdogo wangu, analia kwa maumivu. Nikuambie ukweli, niliogopa hata sala zikanipotea.

Mama mmoja akaja mbio. Alikuwa mama wa golikipa wao.

"Ni weye ulimufunga mutoto wangu?"

"Ni minye, mama."

"Bon. Mulete huyo mugonjwa kwangu. Ya magoli tutaongea kesho."

Katika nyumba ile zilikuwa zimepikwa ndagala zetu. Tukala, tukalala. Asubuhi yule golikipa, niliyemzomea mbele ya watu wote, aliita wenzake wakambeba baba yako begani kwa kipoyi, machela ya miti, wakipita mashambani mpaka kwa daktari. Mguu ule ukapona. Ndio anaokufukuzia ukimkosea adabu.

Kwa hiyo lipa, mwanangu, na ulipe leo. Ukiumia, karatasi ile italipa hospitali. Na ukifika, salimia wale utakaocheza nao kabla hujawafunga, wajue unatoka kwa nani. Golikipa wao usimzomee, tafadhali. Baba yako hagombani nawe kwa ajili ya pesa. Anaogopa, basi tu hajui kukuambia. Ukiwa safarini halali huyo, mimi ndiye namsikia akitembea uani.

Haya, nenda ukamwambie umekubali. Mungu akutangulie barabarani, mtoto wetu, akurudishe nyumbani na miguu yote miwili.