Washa Nione

Mwalimu wa kompyuta kutoka Ndalu haingii dukani kwangu kwa vipuri vya kompyuta hapa Kitale kununua, huingia kupima. Flashi yenye mfumo wake huria wa kuendesha kompyuta, ule ambao yeyote anaweza kuufungua na kuurekebisha, huning'inia shingoni pamoja na funguo za maabara, na kabla hatujasalimiana vizuri ameshaichomeka kwenye kompyuta yangu ya majaribio. Kadi ya picha, ile inayoipa skrini picha, huishika kingo tu, huipuliza vumbi, kisha huniambia, "Washa nione." Jana nilimpa mpya kabisa, yenye taa za rangi. Skrini ikabaki nyeusi. "Mwalimu, si utoe tu programu yake kwa mtandao? Kampuni inapeana bure."

"Bure, lakini wameifunga. Kadi za mwaka jana waliacha kuzitengenezea programu, na hakuna mwingine angeweza kuifungua airekebishe. Watoto wangu wakaingia mtihani wakiangalia skrini kama hii. Toa."

Akachomoa, akachomeka nyingine, na nyingine, mpaka kadi moja kuukuu isiyo hata na boksi ikaleta picha. Akazima. Akawasha tena, ikaleta. Nikataka kuifungia kwenye boksi la ile mpya, angalau mkuu wa shule afurahi. Akanirudishia.

"Baki na boksi yako, Nilesh. Si mkuu ataona picha kwa skrini?"