Kiota Ndani ya Mafundo

Watu wakiona ile picha ya musambi juu ya kiota chake, swali lao la kwanza ni aparei yangu ni ya aina gani. Hilo linanikasirisha, na mimi hukasirika upesi, mke wangu ni shahidi. Aparei ni ya kawaida, ile ile ninayopigia picha za ndoa na ubatizo hapa Masisi. Wangeniuliza habari ya mama mmoja jirani yangu. Bila yeye nisingekuwa na picha yoyote, na kila nikiitazama namshukuru, tena kwa sauti.

Musambi ni yule ndege mrefu wa kijivu mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani. Hujenga kiota ndani ya maji, katikati ya matete, na ukimsogelea vibaya anahama na kuacha mayai. Basi nilijitengenezea kibanda cha matete katika ziwa lililo chini ya mlima wetu, nikawa nasimama humo kila asubuhi, maji kiunoni, miruba ikinywa damu yangu bila hata salamu. Aparei niliifunika kitenge ili mlio wake usimshtue ndege. Nilinung'unika sana, lakini maji ukishayavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Shida ilikuwa moja. Matete yaliyozunguka kiota yalikuwa yamefungwa mafundo. Kwetu, anayetaka matete ya kuezeka nyumba huenda ziwani wakati wa jua, akachagua sehemu yake, akafunga vichwa vya matete fundo hapa na fundo pale. Akishafunga, hakuna wa kugusa. Lakini mvua ya kwanza ikinyesha kabla hajakata, mafundo hayana nguvu tena, na anayewahi na panga ndiye mwenyewe.

Mafundo yale yalikuwa ya huyo jirani yangu. Alikuwa amerudi kutoka kambi ya wakimbizi upande wa Mubambiro, akakuta nyumba yake imekuwa majivu. Kuta mpya alikwisha kuzisimamisha kwa miti na udongo, ila juu palikuwa wazi. Binti yake alikuwa na mimba kubwa, na wote wawili walilala chini ya turubai lililotobokatoboka. Mama alitaka kitu kimoja tu, mjukuu wake asizaliwe kwenye matope.

Asubuhi moja nikamsikia anakuja ndani ya maji na panga. Nilitoka kibandani kwa hasira, kana kwamba ziwa ni la baba yangu.

“Mama, usikate hapa. Kuko ndege ndani, iko nalalia mayai.”

“Kaka, mimi niko natafuta nyumba, weye uko natafuta ndege,” alinijibu. “Ndege njo itanijengea?”

Nilimwomba atazame ndani ya aparei. Akainama, akafumba jicho moja. Musambi alikuwa ametusikia, panga ameliona, shingo imesimama wima, lakini hakubanduka juu ya mayai yake.

Mama akanirudishia aparei. “Sisi tulikimbia,” alisema. “Huyu iko naona panga na haiko nakimbia. Mimi njo nitamukimbiza?”

Akaenda kukata kwingine, matete mafupi, membamba, ambayo hayakutosha hata upande mmoja wa paa. Nilimwahidi kwamba vifaranga wa musambi hawakai, wakitoka tu kwenye yai wanamfuata mama yao. Mayai yalikuwa karibu kuanguliwa, tulichohitaji ni jua la siku chache. Jumapili kanisani wote waliomba mvua kwa ajili ya maharagi. Mimi na mama tuliomba jua, kila mmoja kwenye benchi lake, na mke wangu alinikanyaga mguu aliponisikia.

Mungu aliwasikia wengi. Mvua ilishuka alfajiri, nikiwa kibandani, mvua ya kumwaga hasa. Musambi akafungua mabawa akayafunika mayai, maji yakimtiririka kwenye taji. Picha ni ya hapo. Niliipiga huku roho inaniuma, maana nilijua mafundo yamekwisha.

Ilipokatika, wanawake wakateremka na mapanga. Siwalaumu, nao wana nyumba zinazovuja. Walimkuta mama amekwisha kufika, amesimama majini mbele ya matete yake.

“Mukate, ni haki yenu,” aliwaambia. “Muache tu pale pa ndege.”

Aliyetangulia ni mwanamke aliyegombana na mama mwaka mzima kwa ajili ya mpaka wa shamba la mihogo. Alitazama mafundo, akatazama juu mlimani kwenye zile kuta zisizo na paa. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikamua, maji yakatoka kama kwenye nguo ya kufua.

“Tukate juu ya nini?” aliuliza. “Mvua iko wapi?”

“Mimi sikuona mvua,” akasema wa pili, maji yakimdondoka puani.

“Ata mimi.”

Wakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi niliyekuwa ziwani tangu alfajiri. Marehemu mama yangu alinichapa sana ili nisiwe mtu wa uongo.

“Hakuna mvua iliyonyesha,” nilisema, meno yakigongana kwa baridi.

Mama alishika fundo moja kwa mikono miwili, akalia. Nami nililia, sifichi. Matete aliyakata baadaye, vifaranga walipokwisha kuondoka, na mtoto akazaliwa pakavu. Lakini asubuhi ile tulipanda mlima sote pamoja, mapanga hayajagusa kitu. Njiani mvua ikaanza tena kutupiga, na hakuna aliyeinua uso kuitazama.