Injini Iliyolowekwa Ukwaju

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya ukwaju, mwanangu, na mpaka leo nikiletewa mchuzi wenye ukwaju naurudisha jikoni. Juzi ulikuja nyumbani kwangu Kiembe Samaki, ukaifunua pikipiki kuukuu iliyomo ghalani, ukaniuliza kwa nini fundi kama mimi sijaitengeneza. Nilikukaripia, ukaondoka umenuna. Kaa sasa nikwambie.

Nilikuwa na miaka ishirini, najifunza kazi kwa Fundi Haji, mtengenezaji wa vespa pale mtaa wa Malindi. Nilikuwa na mikono myepesi na kichwa kikubwa. Siku moja Fundi akaletewa pikipiki ya mashindano, si ya kuuzwa dukani. Kiwanda kiliunda chache tu kwa ajili ya madereva wake wa mbio. Mwenyewe, Mzee Khelef, alikuwa baharia zamani, akaipata Ulaya na kuja nayo melini. Sasa tangi lilikuwa limeoza na injini imekwama, na yeye yuko kitandani, mgonjwa wa kutoinuka tena. Alitaka kitu kimoja tu: iwashwe chini ya dirisha lake aisikie.

Fundi akapata msiba Matemwe. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Injini usiiguse. Madini yake siyajui, mpaka nikaulize."

Mimi nikaona ananidharau. Nikaufungua mfuniko wa injini, nikaukuta umefanya ukungu mweupe wa chumvi, nikakumbuka mama anavyosafisha masinia ya shaba kila ikikaribia Sikukuu. Nikauloweka ndani ya beseni la ukwaju. Ukatoa mapovu, nami nikafurahi, nikidhani ni uchafu unaotoka. Niliuacha humo siku mbili. Nilipoutoa ulikuwa mweusi, umelika, una matundu ya kupita kidole. Baadaye ndipo nilipojua kwamba yale ni madini yaitwayo magnesi, mepesi ajabu, na hayastahimili uchachu.

Fundi aliporudi nikamwambia chumvi ya bahari ndiyo iliyoula. Akaunyanyua, akaunusa, akaurudisha mezani polepole.

"Chumvi hainuki ukwaju," alisema. "Twende ukamwambie mwenyewe kwa mdomo wako."

Mzee Khelef alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama Fundi. "Mwengine haupatikani?"

"Kiwanda chenyewe kishafungwa, mzee wangu."

"Basi haitolia."

"Haitolia, baba," nikasema mimi.

Akageukia ukutani. Hakunilaani, na bora angenilaani. Alifariki kabla mwezi haujaisha. Mkewe, Bi Saada, aliniambia kwamba mpaka siku ya mwisho mumewe hakutaka dirisha lile lifungwe. Kisha akaniambia, "Lichukue pikipiki lako. Sitaki kuliona."

Tangu hapo nimejaribu. Mfuniko nimeusubu kwa aluminiamu ya kuyeyusha mara tatu, na mara tatu umepasuka. Nimewaomba mabaharia waniulizie kila bandari waliyofika. Sasa macho yangu hayaoni hata njia ya skrubu. Nilidhani uzee utaniletea faraja, haukuniletea. Na hata ingelia kesho, aliyetaka kuisikia hayupo, kwa hiyo sijui nilikuwa nakimbilia nini miaka yote hii.

Shika haya basi, wewe mwenye mikono myepesi kama yangu. Usichokijua kiache kama ulivyokikuta, hata ukionekana mjinga. Muulize mkubwa wako, na akikukataza usidhani anakudharau. Ukishakosea, sema kabla hujaulizwa, maana ule uwongo wa chumvi unaniuma kuliko ukwaju wenyewe. Na mgonjwa akikuomba jambo dogo, lifanye kwa uangalifu kuliko kazi zako zote, kwani hana siku za kukungojea ujifunze.

Ufunguo wa ghala huu hapa. Ichukue pikipiki, mimi sina tamaa nayo tena. Mola akupe mikono yenye subira na ulimi mwepesi wa kukiri, na kila anayekungoja, akujaalie umfikie angali anasikia. Amin.