Jenereta Ikae Mlangoni

“Shusha yote!” dereva anasema, amesimama kwenye mlango wa nyuma wa lori, mikono kiunoni.

“Hashushi mtu,” ofisa habari anajibu kutoka chini. “Mgeni rasmi yuko njiani.”

“Basi atukute tunashusha.”

Ni asubuhi katika ghala la misaada. Wapakiaji wameegemea ukuta na vikombe vyao vya chai, maana ubishi huu ulianza kabla maji hayajachemka na hauonyeshi dalili ya kupoa. Lori limejaa. Kinachogombewa ni nini kimekaa wapi.

Mlangoni, mahali kamera itakapoelekezwa, yamepangwa maboksi meupe yenye bendera na maneno “Tuko Pamoja”. Ndani yake mna tisheti na kofia za kitambaa, nazo zimeandikwa maneno hayohayo. Nyuma yake kuna blanketi, kisha mzigo wa jeshi: machela, kofia za chuma, mikanda ya kukaza jeraha lisivuje damu. Mwisho kabisa, imebanwa kwenye ukuta wa mbele, ndipo ilipo jenereta ya hospitali.

Dereva huyu ni mama wa mabinti wawili. Ghala zima linamwita Mama Breki, kwa sababu haondoki bila kukanyaga breki mara mbili. Tangu nchi jirani ilipovamiwa, yeye ndiye anayevusha mzigo mpaka hospitali ya upande wa pili. Nchi yake haipigani, inapeleka: serikali inatoa vifaa vya jeshi, raia wanatoa dawa, nguo na unga. Vyote hupanda lori moja, kwa kuwa barabara iliyobaki ni moja.

“Cha kushuka kwanza hupakiwa mwisho,” anasema. “Hata mtoto anayepanga begi la shule analijua hilo. Na huyu bwana analijua pia. Ndiyo maana nimekasirika.”

Kule hakuna anayeshusha kwa nafasi. Ndege zisizo na rubani zikisikika, mlango unafungwa na lori linaondoka na kilichobaki ndani.

Ndivyo ilivyokuwa safari iliyopita. Maboksi meupe yalishuka vizuri. Blanketi zikaanza kushuka, king’ora kikalia. Jenereta ikarudi nyumbani ilivyokwenda, bila kuguswa.

“Nilimwachia mkunga wa hospitali ile kofia,” anasema, na sauti inampanda. “Mwanamke anazalisha wenzake kwa tochi ya simu, halafu mimi nampelekea kofia ya jua! Aliishika, akaniangalia, akasema, ‘Asante, dada.’ Bora angenitukana.”

Mkunga huyo alimpigia tena juzi. Alimwomba mara hii asisahau jenereta yao.

“Asisahau! Anadhani nilisahau!”

Jana alasiri Mama Breki aliondoka hapa akiwa ameelekeza kila kitu kikae wapi. Akaenda nyumbani kuwapikia wanawe. Leo amekuta mzigo umepangwa upya, kama ule wa mara iliyopita.

Ofisa habari si mtu mbaya. Ana shati lililopigwa pasi, ana usingizi machoni, na ana hoja.

“Mama yangu, picha ndizo zinazoleta mzigo ujao,” anasema. “Watu wakiona maboksi safi, wanachanga. Wakiona dude la chuma lenye grisi, nani atatoa?”

“Hilo dude walilinunua akina nani? Si wauza mboga wa soko la hapo chini? Mama yangu mzazi alitoa hela ya miwani yake. Mpaka leo anapepesa macho kama kuku mvuani, na jenereta inatembezwa kama bibi harusi!”

Wapakiaji wanacheka. Ofisa hacheki.

“Ninaweza kuomba dereva mwingine.”

“Dereva mwingine ni mimi,” mpakiaji mmoja anaitikia kutoka ukutani, “na leseni yangu ni ya pikipiki.”

Ukweli ni kwamba madereva wengine waliacha. Kampuni ya bima ilijitoa wiki ileile vita ilipoanza, na posho ya safari hii ni sawa na ya dereva anayesambaza soda mjini. Bajeti ya mabango, kwa upande wake, haijawahi kupungua. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wahenga. Hawakusema apige picha kwanza.

Simu ya ofisa inaita. Anasikiliza, anaitikia “ndiyo, mheshimiwa” mara kadhaa, kisha anaishusha taratibu.

“Amechelewa kidogo. Atafika mchana.”

“Mchana?” Mama Breki anauliza kwa upole unaotisha. “Nikiondoka mchana nitaipita barabara ile saa ngapi, mwanangu? Saa za zile ndege?”

Hasubiri jibu. Anainama, anabeba boksi jeupe la kwanza na kuliweka sakafuni. La pili. Wapakiaji wanaweka vikombe chini na kumfuata. Kila kitu kinashuka, kisha kinapanda upya: blanketi mbele, machela na kofia za chuma katikati, kisha mikanda ya majeraha. Foklifti inaleta jenereta mwisho, na inafungwa kwa minyororo mlangoni. Maboksi meupe hayana tena nafasi, na hakuna anayeyatafutia.

“Usimfungulie!” ofisa anamwita askari wa getini.

“Mimi nimeamriwa mzigo utoke asubuhi,” askari anasema, akiinua kizuizi. “Habari za picha sijaambiwa.”

Mama Breki amekwisha kuwasha lori. Mpakiaji mmoja anapomuuliza anatarajia nini safari hii, anajibu kupitia dirishani: “Kurudi na lori tupu. Na kumsikia mkunga akilalamikia kelele za jenereta.”

Ofisa anakimbilia mlango wa dereva. “Sasa mgeni rasmi nimwambie nini?”

“Mwambie avae tisheti. Zimebaki nyingi.”

Anakanyaga breki mara moja, mara mbili, na lori linatoka.