Aliyewasha Kiko cha Bibi

Juzi sokoni Ngara nilipita karibu na mama mmoja aliyepanga tumbaku kavu chini, imesokotwa na kufungwa kwa kamba za migomba. Ile harufu ilinisimamisha. Ni tamu kidogo, kali kidogo, na kwangu mimi ndiyo harufu ya nyumbani kwetu Nyamiaga, ya jikoni kwa Bibi, na ya dada yangu Adela akiwa amechuchumaa mbele ya mafiga.

Bibi hakuwa na meno ya kutosha kuvuta kiko mpaka kishike moto. Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mjukuu wa kike mkubwa: unajaza tumbaku, unaweka kaa la moto juu, unavuta mpaka moshi utokee puani, ndipo unampa mzee kwa mikono miwili. Adela aliwasha asubuhi kabla ya shule, na jioni baada ya kuteka maji. Nilimwonea wivu, nawaambia ukweli. Nikilalamika, Mama alinijibu nisubiri, dada akiolewa zamu itakuwa yangu.

Adela alipokuwa darasa la tano na mimi la tatu, shuleni tulianza kufundishwa madhara ya tumbaku. Mwalimu alibandika picha za mapafu meusi kama sufuria ya maharage. Adela alilishika somo lote kichwani. Akianza kutaja magonjwa hamalizi. Kisha wakaja wageni wawili kupima kama tumeelewa. Tuliwaamkia shikamoo kwa sauti moja, wakaitikia, wakauliza nani kati yetu amewahi kuvuta sigara. Hakuna mkono ulioinuka. Na nyumbani je, kuna anayevuta sigara? Hapo pia hakuna mkono. Hatukudanganya. Sigara kwetu zilikuwa mambo ya madereva wa malori ya mpakani Rusumo. Kiko kilikuwa cha wazee, na kukiwasha kulikuwa adabu tu, kama kumnawisha mgeni mikono.

Wageni walifurahi mno. Adela aliyejibu vizuri kuliko wote akapewa fulana yenye picha ya sigara iliyopigwa mstari mwekundu. Jioni aliwasha kiko akiwa ameivaa hiyohiyo. Bibi akauliza imeandikwa nini.

"Kataa sigara, Bibi."

"Wamesema vizuri," alisema Bibi akipokea kiko. "Zile zinanuka."

Tulicheka wote. Baadaye Mwalimu alitutangazia mstarini kwamba shule yetu imeonekana ya mfano, somo limeeleweka. Wageni wale hawakurudi tena.

Bibi alifariki Adela akiwa amemaliza shule. Baada ya mazishi dada akawa mkali, kichwa kinamuuma, chakula hakipiti. Sote tulisema ni majonzi. Halafu nikamkuta nyuma ya jiko na kiko mdomoni, anavuta taratibu, uso umetulia. Nilifurahi kwamba amepata nafuu.

Ni ukubwani nilipoelewa tulichokuwa tunakiona. Mtoto alikuwa akivuta tumbaku kila siku mbele ya wazazi na mbele yangu, na waliokuja kupima waliuliza habari ya kitu kingine wakaondoka wameridhika. Siwalaumu sana, maana hata wangeuliza vizuri sijui kama tungejua kuwajibu. Lakini inaniuma, na haipoi.

Sasa Adela anawapikia madereva pale Rusumo. Hospitalini wameshamwambia kwamba mapafu yake hayatarudi kuwa kama zamani. Akipanda kile kilima kidogo cha kwenda kwake anasimama njiani akishika ubavu. Mwezi uliopita nilikwenda kumbembeleza aache tumbaku. Alinijibu bila hasira.

"Niache vipi, mdogo wangu? Wewe unakumbuka nilianza lini?"

Nilijaribu kukumbuka siku ambayo hakuwa akikiwasha kiko, nikashindwa. Akaanza kukohoa, nami nikamshika mgongo.