Picha Iliyoachwa kwa Mwenyewe

Mwezi wangu wa kwanza Newala nilisemwa kwa sababu ya kuoga. Natoka Tukuyu, na kwetu mvua hainyeshi kwa kuombwa. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba ya Mama Trevor, karani wa kanisa, nikakuta uani kisima cha saruji kimejaa maji ya mvua yaliyokingwa kutoka batini. Nikajichotea asubuhi, mchana na jioni, bila aibu. Siku ya nne alinijia akiwa na ndoo tupu mkononi. Hakunikaripia.

"Mwalimu Gwakisa," alisema, "haya ni maji ya kutufikisha mvua za Novemba. Huku kwetu mtu anachota kwa hodi."

Tangu siku hiyo nilibisha hodi kisimani kama mtu anayekwenda ukweni. Na huyo ndiye Mama Trevor. Jina lake ni Mabel, mjukuu wa mwalimu wa misheni, na katika miaka ishirini na moja ya ukarani hajawahi kwenda nyumbani na hata kalamu ya ofisi. Akiokota shilingi mia kanisani anaitangaza Jumapili. Nilikuwa namtania kwamba hata akikuta ufunguo wa mbinguni umeanguka njiani, atauliza kwanza ni wa nani.

Mwanawe Trevor, aliyeko Dar es Salaam, alimtengenezea tovuti ya parokia na kumfundisha kwa simu, jioni baada ya jioni, mpaka mama akaweza kuweka matangazo ya ndoa, zamu za usafi na ukurasa wa marehemu. Huo wa marehemu ndio aliupenda zaidi.

Mwaka jana mwezi wa Juni alifariki Mwalimu Yuster wa Mnyambe, mwanamke aliyemfundisha Mama Trevor kusoma. Binti yake wa pekee, Leonia, anafanya kazi za ndani Maskati, Omani, na mwajiri wake hakumpa ruhusa. Mama yake akazikwa yeye hayupo. Siku ya tatu alimpigia simu Mama Trevor akilia, akaomba jambo moja tu, amwone mama yake usoni. Simu aliyoondoka nayo ilikuwa imeibiwa na picha zote zilikwenda nayo.

Picha za Mwalimu Yuster zilikuwa mbili. Moja ni ya kitambulisho, amekaza uso kama mtu aliyekamatwa na polisi. Nyingine ilikuwa kwenye tovuti ya Khalfan, mpiga picha wa Masasi, aliyoipiga harusini. Bibi amejifunga kilemba cha kijani, anacheka mpaka lile jino lake lililovunjika linaonekana.

Mama Trevor alifikiri siku nzima. Kuipakua picha ya mtu bila ruhusa, kwake yeye, ni kuchukua, na kuchukua ni kuiba. Kwa hiyo akafanya alichoona ni adabu. Alinakili anwani ya ile picha, akaiweka kwenye ukurasa wa marehemu, na picha ikatokea, jino na yote.

"Sijaichukua, Mwalimu," aliniambia kwa fahari. "Ipo kulekule kwa mwenyewe. Mimi nimewaelekeza watu tu."

Kwa Leonia alituma ujumbe wa sauti, nikausikia: "Itazame tu, mwanangu, usiichukue. Ina mwenyewe."

Mimi nafundisha kompyuta sekondari. Nilijua. Lakini nilikuwa na rundo la madaftari kwapani na njaa tumboni, nikasema, "Vizuri sana, mama," nikapita. Nilichopaswa kumwambia ni hiki: ukurasa wake haukuwa na picha. Kila aliyeufungua, simu yake ilikwenda mpaka kwa Khalfan kuichota, na Khalfan ana kifurushi chake cha mwezi, data anayoilipia tovuti yake, kama Mama Trevor alivyo na kisima chake. Unabisha hodi kwa mwenye picha, akikubali unachukua nakala unaiweka kwako, na jina lake unaliandika chini. Dakika mbili zingetosha kumweleza. Sikumpa.

Siku ya arobaini tulikuwa Mnyambe, tumekaa mikekani chini ya turubai. Baada ya sala Mama Trevor alimpigia Leonia, ili atazame ukurasa kule na sisi tuutazame huku, kwa pamoja. Mzee Barnaba, kaka wa marehemu, alishika simu yangu, wengine wakamzunguka.

Uso haukuwepo. Palikuwa na maandishi makubwa mekundu, MWIZI WA PICHA, na chini yake yale maneno ya Mama Trevor: "Mwalimu Yuster, mama yetu, pumzika kwa amani."

"Nani mwizi?" aliuliza Mzee Barnaba.

Kwenye simu ya Mama Trevor tulimsikia Leonia. "Mama Trevor, wamemwita mama mwizi? Mama yangu?"

Mimi nilichemka. Nikaapa kwamba Jumatatu nitashuka Masasi na kamera ya yule Khalfan nitaivunja.

Tulishuka pamoja. Studio yake iko karibu na stendi, na mwenyewe ni kijana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi. "Shikamoo, mama," alisema. Mama Trevor akajibu, "Marahaba, baba," akajitambulisha, na uso wa kijana ukabadilika.

"Kumbe ni wewe. Mama, nimekuandikia barua pepe mara mbili. Hukujibu."

Aliziandika kweli, kwa anwani ya parokia ambayo Trevor aliifungua na hakuna mtu aliyeichungulia tena. Kifurushi chake kiliisha tarehe kumi na mbili. Tovuti ikafungwa siku tisa, zile ambazo Leonia alidhani mtandao wake ndio mbovu, na bibi harusi mmoja akaja kumtukana pale mlangoni mbele ya wateja. Ile kamera sikuigusa. Ilipofunguliwa tena, siku moja kabla ya arobaini, akaona wachotaji ni walewale, akaweka yale maandishi mekundu mahali pa picha, kwa jina lilelile la faili, nayo yakatokea kwetu.

"Nilidhani ni kundi la watu," alisema, akatuonyesha orodha kwenye kompyuta. "Tazama. Omani, Omani, Omani. Saa kumi alfajiri, saa sita, saa nne usiku. Ni nani hawa?"

"Ni mmoja," alisema Mama Trevor. "Ni mtoto wa huyo bibi wa pichani. Hakumzika."

Khalfan aliifunga ile orodha.

"Nimekosa, baba," Mama Trevor aliendelea. "Nilichota kwako bila hodi, tena nikijiona mwema. Sasa nabisha hodi. Naiomba ile picha."

Khalfan alikaa. Diski yake ya kuhifadhia picha iliungua mwezi wa Machi, umeme uliporudi kwa kishindo. Maharusi walikuwa wamechukua picha walizozichagua, na ya Mwalimu Yuster haikuwemo. Iliyobaki ni ile ya mtandaoni, na hiyo ndiyo aliyoifuta alipoweka maandishi yake. "Hasira hasara," alisema, na sijasikia mtu akiisema methali hiyo kwa uchungu namna ile.

Simu ya Mama Trevor ikaita. Alikuwa Leonia. Aliiweka wazi sote tusikie, akamweleza bila kujificha.

"Hukuihifadhi, Mama Trevor?"

"Sikuihifadhi, mwanangu. Na wewe je?"

"Ningeihifadhi vipi?" Leonia alilia. "Si uliniambia ina mwenyewe?"

Khalfan akainama karibu na simu. "Mwenyewe ni mimi, dada," alisema. "Na mimi sinayo."